Mwizi Asiyejua Kuiba

Posa ya pili ililetwa mchana, siku ya mapumziko, na safari hii kijana hakuja peke yake. Alikuja na mama yake.

Posa ya kwanza ilikufa ingali changa. Kijana alikuja amechomekea shati, akapewa kiti, akapewa maji, akatamka alichokuja kutamka bila kugugumia. Baba yake Sindano alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu mfukoni, akaigusa kwa kidole kimoja kama mtu anayepima joto la pasi, akaiweka mezani. Ndani ya simu alikuwemo kijana yule yule, amekaa mbele ya taa ya duara, anasema kwa sauti nzito kwamba enzi za giza lake hakuna kufuli lililomshinda. Baba akaizima.

"Mimi nachonga funguo na kuuza makufuli tangu sijaota ndevu," alisema. "Nikikuoza binti yangu, wateja wangu nitawaambia nini?"

Mambo yakaishia hapo. Kijana akaondoka na shati limelowa mgongoni, na Sindano akabaki kusikiliza mashine ya baba yake ikikereza chuma kule dukani mpaka jua likatua, maana mzee akikasirika huchonga hata funguo ambazo hakuna aliyeziagiza.

Sindano ni jina alilopewa na shangazi yake utotoni kwa ajili ya wembamba, na kama mzaha, alipokua akaja kushika sindano kweli. Alikuwa akishona mapazia katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, yeye na cherehani yake na marobota ya watu wenye madirisha makubwa. Ni kazi ya kukaa kimya, na ilimfaa. Tangu bibi yake afariki hakuwa mtu wa watu tena. Nyumbani walisema msiba umemwingia sana, mwacheni, atazoea. Hawakujua. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu chini ya jua, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ameketi sebuleni sasa hivi kando ya mama yake, akitazama vidole vyake.

Jambo lenyewe tuliseme waziwazi. Bibi alikuwa mama mzazi wa baba. Mguu wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi, hakuweza kwenda bafuni wala kurudi bila bega la mtu. Siku moja Sindano aliachiwa amwangalie. Enzi hizo alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, anajirekodi na nguo za kuazima, na rafiki yake mmoja alikuwa amepata gauni jekundu na dirisha lenye mwanga mzuri. Akamwambia Bibi anatoka mara moja. Mara moja hiyo ilianza jua likiwa utosini ikaisha jua likiwa limepoa. Gauni lilirekodiwa kwa mbele, likarekodiwa kwa nyuma, likarekodiwa likizunguka. Aliporudi, Bibi alikuwa kwenye sakafu ya bafu, shavu juu ya saruji, ameacha kuita kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha. Sindano akawaambia watu wote kwamba alikwenda dukani kununua sabuni. Bibi aliyasikia maneno hayo akiwa kitandani na hakuyakanusha. Aliishi miezi michache, akafa nayo.

Sindano aliufuta ukurasa wake. Alijaribu kuomba, akawa kila akifumba macho anaona gauni. Ndipo mwenzake wa kazini akamwonyesha ukurasa wa Kaka Mpya.

Kaka Mpya, ndiye kijana huyu wa posa, alikuwa fundi wa majokofu mchana kutwa, na asubuhi kabla ya kazi alikuwa mtu mwingine. Alikaa mbele ya taa yake akaeleza alivyokuwa kwenye genge la pikipiki, alivyovunja nyumba za watu, na jini gani lilimtoka siku alipompa Mungu maisha yake. Maelfu walimfuata. Walimwandikia maoni ya machozi, wakamtumia mioyo. Sindano hakutuma moyo. Yeye alinaswa na kipande kimoja tu, pale kijana aliposema walimpokonya mzee mmoja mkoba barabarani, mzee akavutwa, akaanguka, nao hawakusimama. "Nilimsikia akigonga lami," alisema Kaka Mpya, na sauti yake ikashuka. "Nikasema twende." Sindano alikitazama kipande hicho mpaka akakijua kwa moyo. Kumbe yupo mwingine aliyemwacha mtu mzima chini akaenda zake, na mwingine huyo anakula, anacheka, anaomba, na Mungu hajamtupa.

Akamwandikia. Akajibiwa. Wakaja kuonana kwenye benchi mbele ya duka la vitambaa, baada ya kazi, Sindano na nyuzi kwenye sketi, kijana na harufu ya gesi ya majokofu. Hapo kwenye benchi ndipo Sindano alipotoa mambo ya Bibi, yote, na gauni pia. Kijana hakushtuka wala hakuhubiri. Alisema neno moja: "Najua." Sindano akalia mpaka watu wakageuza shingo. Halafu akamuuliza, "Yule mzee wako, huwa unamuota?"

Kijana alitazama chini. "Mara nyingi," alisema. "Huwa ananiuliza kama nilifika salama."

Kama kuna siku mwanamke alipenda, Sindano alipenda siku ile, kwa sentensi ile.

Basi turudi sebuleni. Mama wa kijana alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache, na simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Alimsalimu mwenye nyumba, akamsalimu shangazi, akamwita Sindano karibu akamshika kidevu akamtazama kama anavyotazamwa mkwe anayetarajiwa. Kisha akaingia kwenye lililomleta. Alisema mwanawe kamwambia amekataliwa, lakini hakumwambia sababu, na yeye hapendi kulala na swali. Kama ni ukoo, ukoo wake ni huu. Kama ni kazi, kijana ana kazi. Wamweleze tu, naye akiona wana haki atachukua pochi yake aende.

Kijana aligusa mkono wa mama yake. "Mama, tulisema nitaongea mimi."

"Uliongea mara ya kwanza, Kitinda. Ulifika wapi?"

Kitinda ndilo jina la nyumbani, kwa kuwa yeye ni kitindamimba. Shangazi wa Sindano, ambaye hajawahi kuona habari ikilala akaacha kuiamsha, alijiweka sawa kitini akamwambia mgeni kwa upole wa uongo kwamba tatizo si ukoo. Tatizo ni ujambazi. Kijana mwenyewe amekiri kwa kinywa chake, dunia nzima imesikia. Akaeleza pikipiki, akaeleza nyumba zilizovunjwa, akaeleza mzee aliyeanguka. Kila alipoongeza kimoja, macho ya mama yalizidi kupanuka.

"Nani?" mama aliuliza. "Huyu?"

"Huyo huyo, dada. Pole."

Mama alimtazama mwanawe, akawatazama wenyeji, kisha akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyeletewa nguo ambazo si zake. "Huyu alikuwa anaogopa kuku," alisema. "Mpaka anabalehe, kuku akipita mlangoni ananiita mimi. Miaka hiyo ya ujambazi mnayoisema alikuwa anajifunza ufundi kwa mjomba wake, jioni anarudi ananipikia kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku. Genge gani? Pikipiki gani? Hajui hata kuendesha."

Shangazi alisema mama hajui yote ya mwanawe. Mama akasema yeye amefua nguo za mtoto huyu tangu anazaliwa, na mtu anayemfulia nguo mtu humjua kuliko daktari. Ikawa nusura wapandishiane sauti. Mwenye nyumba ndiye aliyenyanyuka. Alipita mlango wa dukani, kukasikika makufuli yakigongana kwenye kulabu zake, akarudi na moja dogo la shaba na waya mfupi. Akaviweka mezani mbele ya kijana.

"Fungua," alisema.

Kijana hakuligusa. "Mzee, mambo hayo nimeyaapia. Nilimwahidi Mungu sitayagusa."

"Ulimwahidi hutaiba. Hili kufuli ni langu, nimekupa ruhusa, na Mungu anatusikia wote. Fungua."

Kijana akalichukua. Mikono yake ilikuwa mikono ya fundi, Sindano aliijua, ilikuwa inaweza kupata tundu lisiloonekana kwenye bomba la jokofu kwa kupapasa tu. Lakini waya uliingia ukatoka. Ukaingia ukapinda. Mama alikuwa ameinamia meza, midomo yake inacheza, anaomba mwanawe ashindwe. Shangazi naye, ukimtazama vizuri, alikuwa anaomba hivyo hivyo, maana arusi ni tamu kuliko kashfa. Baba alikuwa amesimama na mikono nyuma, na uso wake tayari ulikuwa umeanza kulegea. Katika chumba kile chote ni mtu mmoja tu aliyekuwa anataka kufuli lifunguke. Sindano alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, vidole vimeng'ang'ania sketi, akisema moyoni, lifungue, tafadhali lifungue, uwe mwizi, uwe jambazi, uwe ulichosema.

Kijana aliweka waya mezani. Jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Sijui, mzee," alisema. "Sijawahi kufungua kufuli lisilo langu."

Yaliyofuata aliyasema akiwa ameinamisha kichwa. Alisema katika kundi lao la vijana wa ibada kila mtu alikuwa na ushuhuda. Huyu alitoka kwenye ulevi, yule alitoka kwenye dawa, wanasimama wanasimulia, watu wanalia. Yeye alitoka wapi? Alitoka kwa mama yake. Alirekodi video ya kwanza kumshukuru Mungu kwa mama mwema na kazi ya mikono, ikatazamwa na watu wanaohesabika kwa vidole, mmoja wao mjomba. Ya pili akasema aliwahi kuiba, kidogo tu. Watu wakaja. Wakamwandikia kwamba amewaokoa. Wengine walikuwa kweli hawanywi tena, hawaibi tena. Angewaambia nini? Kila alipotaka kurudi nyuma, kulikuwa na mtu ameshikilia shati lake. Mpaka ikafika hatua, alisema, akiwa peke yake anamwomba Mungu msamaha wa dhambi ambazo hakuzifanya, na zile alizozifanya hazikumbuki.

Mama alimpiga kofi la begani, lile la kumkasirikia mtu unayetaka kumkumbatia. "Nimekulea vizuri ukaona aibu," alisema.

Na baba yake Sindano akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akamwambia kijana kwamba kufuli lile ndilo la ovyo kuliko yote dukani, watoto wa mtaa hulifungua kwa kijiti cha kiberiti, na katika maisha yake hajawahi kufurahi kumwona mtu akishindwa kazi namna hii. Shangazi akasema basi kijana hana doa. Doa analo, alisema baba, ana ulimi mrefu, lakini ulimi hufupishwa. Kuna vitu viwili tu hawezi kuvivumilia chini ya paa lake, mwizi na mtu mwenye jambo la kuficha, na huyu sasa si mwizi na jambo lake liko mezani. Wakaanza kuulizana habari za mwezi gani unafaa.

Hakuna aliyemtazama Sindano, ila mmoja. Kijana aliinua macho akamtafuta, na alipomwona uso alioukuta haukuwa uso aliouzoea. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, gari limekwisha ondoka. Sindano alikusanya bilauri kwenye sinia akatoka uani.

Kijana alimkuta anasuuza bilauri zilizokwisha suuzwa. Ua lilikuwa dogo, bomba moja, kamba ya nguo, na ukuta ambao ng'ambo yake ilisikika redio ya jirani. Kijana alisimama hatua chache kutoka kwake.

"Wamenipa ruhusa tuongee," alisema.

"Rudi ndani. Wanapanga mwezi wako."

"Sindano. Nilitaka kukuambia. Kila siku nilitaka."

"Na kila siku ilikuwa na jioni yake, na benchi lilikuwepo."

"Niliogopa utaniacha."

Sindano alifunga bomba. Alijipangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Wale wa mtandaoni sina neno nao," alisema. "Wao walikuja kutazama, wewe ukawaonyesha. Hayo utajuana nao. Mimi nakuuliza la kwenye benchi."

"Yule mzee hayupo. Hakuwahi kuwepo."

"Hilo nimelielewa, nilikuwepo kufuli lilipokushinda. Nakuuliza ndoto."

Redio ya jirani ilikuwa inatangaza sabuni ya unga, kisha ikapiga muziki.

"Niliitunga pale pale," alisema. "Uliniuliza, na ulikuwa unalia. Nikaona nikisema simuoti, nitakuwa nimekuacha peke yako."

"Kwa hiyo ulinifanyia wema."

"Nilikuwa nimekwisha kukupenda."

"Hilo naliamini," alisema Sindano, na ndilo lililomuuma kuliko mengine, kwamba analiamini. "Sasa sikiliza nilichoifanyia ndoto yako. Tangu siku ile kila nikilala namngoja Bibi. Nasema labda leo naye atakuja, aniulize kama nilifika salama. Nalala chali, nanyoosha shuka, namngoja kama mgeni. Haji. Nikawa najisemea, mwenzangu mzee wake amemsamehe, wangu bado amenikasirikia. Nimeishi nayo hiyo. Sikukuambia kwa sababu niliona nitakuharibia amani yako."

Kijana alijishika uso kwa mikono yote miwili. Alipoitoa macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa kijana mzuri, tusimwonee. Hata wakati ule, amevunjika pale karibu na kamba ya nguo, alikuwa mzuri wa kumfanya mtu asahau hoja yake. Sindano aligeuka akatazama ukuta.

"Nitaufuta ukurasa," kijana alisema. "Leo hii. Au nitawaambia wote ukweli, nikae mbele ya taa niseme kila kitu, nirekodi..." Akanyamaza mwenyewe. Amesikia anachokisema.

"Rekodi," alisema Sindano. "Watakupenda zaidi."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui. Mimi nashona mapazia."

Kijana alisogea, akataka kumshika mkono, akaacha. Akajaribu upande mwingine. Akasema maombi aliyoyaomba Sindano baada ya kusikia ushuhuda ule yalikuwa ya kweli hata kama ushuhuda haukuwa wa kweli, na Mungu haulizi mtu umeletwa na nani. Sindano akamjibu kwamba huenda ni hivyo, atamuuliza mwenyewe, ila kwa leo asimhubirie.

"Mimi ndiye yule yule," kijana alisema, na sasa sauti ilikuwa inamtoka kwa shida. "Ninayekungoja ukitoka kazini ni mimi. Aliyekutengenezea feni ni mimi. Mikono hii hii. Isitoshe mimi ni mtu mwema kuliko yule wa kwenye video. Sijawahi kumuumiza mtu."

"Ndiyo hivyo," alisema Sindano.

"Ndiyo vipi?"

"Wewe hujawahi kumwacha mtu chini. Mimi nimemwacha. Nilidhani tuko wawili."

"Nitakuelewa. Nipe muda nijifunze."

"Sitaki ujifunze hilo. Nakuombea usilijue mpaka unakufa." Alichukua sinia, akaliegemeza kifuani kama mtu anayejikinga baridi. "Unajua nahisije? Nahisi kama nimefiwa. Nilikuwa na mtu, alikuwa mbaya kama mimi, akapona. Nilimpenda. Leo mmenikalia sebuleni mnacheka kwamba hakuwahi kuzaliwa. Siwezi hata kumwomba mtu anipe pole."

Walitazamana muda mrefu kuliko siku zote za kwenye benchi, na kila mmoja akaona anachokiacha. Kisha Sindano akampita akaingia ndani.

Baba alikuwa amechangamka. Alimwonyesha kigoda, akamwambia maneno ya wakubwa yamekwisha, limebaki lake tu.

"Hapana, baba," alisema Sindano.

Ilibidi alirudie, maana hawakulisikia vizuri, au walidhani wamesikia vibaya. Shangazi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Alipokuwa jambazi ulimlilia mpaka ukakataa kula," alisema. "Amekuwa mtu safi humtaki. Au tukutafutie jambazi wa kweli? Niambie mapema, nikaulizie gerezani."

Mama wa kijana hakucheka. Aliuliza kwa upole kama ni kwa sababu ya uongo ule, kwa kuwa kama ni huo, yeye mwenyewe atamwadhibu na kumleta tena. Sindano akasema si uongo wa mtandaoni. Ni upi basi? Angejibu nini? Neno moja tu la kueleza lingemleta Bibi katikati ya meza, na mtoto wa Bibi amekaa pale na kufuli lake la shaba. Akanyamaza, akaonekana mbele ya wote kuwa msichana asiyejua anachotaka.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alikuwa na maneno. Angeweza kuyasema yote na pengine yangemsaidia. "Asilaumiwe," alisema. "Nimemkosea, na kosa nalijua mimi na yeye. Twende, mama." Akamchukulia mama yake pochi. Mlangoni aligeuka mara moja akamtazama Sindano, na katika jicho lile palikuwa na ahadi kwamba jambo la Bibi halitatoka kinywani mwake kamwe. Hapo ndipo Sindano alipotaka kumkimbilia. Hakukimbia. Alisikiliza viatu vya wale wawili mpaka vikachanganyika na viatu vya wapita njia.

Shangazi aliondoka akinung'unika. Nyumba ikawa kubwa. Sindano alipanga viti, akaondoa kitambaa cha meza, akakirudisha. Alichukua simu, akaufungua ukurasa wa Kaka Mpya. Bado ulikuwepo, na taa ya duara ilikuwa inang'aa machoni mwa kijana kama miezi miwili midogo. Watu walikuwa wanaendelea kuandika. Dada mmoja ameandika kwamba amekuwa akilia na hana wa kumwambia. Mwingine amemjibu kwa moyo. Sindano akaweka simu kifudifudi.

Alifumba macho ili aombe. Mdomo ukataka kuanza na maneno ya kijana yule, yale ya kila asubuhi aliyoyazoea, akayazuia. Akatafuta yake. Hakuyapata. Kilichokuja kilikuwa sauti ya mashine dukani, inakereza chuma.

Akaenda. Baba alikuwa ameinamia mashine na miwani yake, mgongo kwa mlango, vumbi la shaba linamwangukia mikononi. Alijua nani ameingia.

"Leo nilimkubali mtu kwa ajili yako," alisema bila kugeuka, "na bado sijakufurahisha. Mimi si mtu wa kulazimisha. Ila kuna kitu hunielezi, na si cha leo. Tangu Bibi yako aondoke unakaa humu ndani kama mpangaji."

Sindano alisimama kati ya kuta mbili za funguo. Kwenye benchi kulikuwa na mtu aliyetangulia kusema yake, na hata kama yalikuwa ya uongo, yalimfungulia njia. Hapa hakuna aliyetangulia. Hakuna atakayemwambia najua. Akisema, atakuwa amesema peke yake, mbele ya mtu ambaye ana haki ya kumchukia.

"Baba," alisema, "siku ile Bibi alipoanguka sikwenda kununua sabuni."

Mzee alinyoosha mkono akazima mashine. Sindano aliuona mgongo wake tu, shati limechakaa katikati ya mabega, na aliuambia mgongo ule yote yaliyobaki, gauni, dirisha, saa zote zile, sauti iliyokwisha, bila kujua akimaliza kama utageuka.